UZI: Lenzi za bei nafuu za renjifainda, raha iko kwenye f/2.8 na f/3.5, msikimbilie f/1.4

#1 mleta uzi

Wakuu salaam. Nimeona tuwe na uzi mmoja wa maana wa lenzi za bei nafuu za renjifainda (kamera unayofokasi kwa kuunganisha taswira mbili kwenye dirisha lake, sio kupitia lenzi), mana kila mahali mgeni akiuliza anaambiwa kama huna Summilux au Summicron, zile za ghali za Leica, bado hujaanza, anaangalia bei, anaghairi kabisa na kamera inabaki kabatini. Mi siafiki. Na naenda mbele kidogo, najua kuna watu watanibishia: ukitaka lenzi ya bei nafuu na iwe nzuri kweli, chukua yenye apacha ndogo, yaani tundu la mwanga lisilofunguka sana, namba ya f ikiwa kubwa. f/2.8, f/3.5, hata f/4. Hapo bei inaporomoka, ila picha haziporomoki.

Sababu ziko kwenye namna kamera yenyewe ilivyotengenezwa. Renjifainda haina kile kioo cha kupanda na kushuka cha SLR, kwa hiyo nyuma ya lenzi pako wazi. Maunti (pale lenzi inapofungwa kwenye kamera) ya skurubu ya Leica, ile ya 39 mm, kutoka usoni mwake hadi kwenye filamu ni 28.8 mm tu. SLR nyingi zina 40 na kitu. Sasa mtu anayechora lenzi ya 35 au 28 ya SLR lazima arundike vioo ili lenzi isukumwe mbele kioo kisigonge, huku kwetu hana shida hiyo, anaweka vioo vichache vinavyotazamana kwa ulinganifu, kioo cha nyuma kinaingia mpaka karibu na filamu na mistari ya majengo inabaki imenyooka. Ndo mana unakuta kalenzi ka miaka ya 50 kanakokaa kwenye kiganja kanatoa picha ambayo mtu hakuulizi imepigwa na nini.

Alafu kitazamio. Kwenye SLR unaangalia kupitia lenzi, ukiweka lenzi ya f/3.5 kitazamio kinafifia na kufokasi jioni ni mateso, kwa hiyo watu wa SLR wana sababu ya kutamani lenzi kubwa. Renjifainda haiangalii kupitia lenzi. Weka f/1.2 weka f/6, mwanga unaouona kwenye kitazamio ni ule ule.

Na fokasi. 50 mm ukiwa mita 1, kwenye f/1.4 kina cha fokasi (sehemu inayotoka kali, mbele na nyuma ya ulipofokasi) ni kama sentimita 3, kwenye f/3.5 ni kama sentimita 8. Kamera ya miaka 60 au 70 ambayo renjifainda yake imesogea kidogo tu, hizo sentimita 8 zinakusamehe, hizo 3 hazikusamehi. Mtu analaumu lenzi kumbe ni upimaji.

Zangu ninazozipenda ni Industar-61 ile ya 55/2.8 (yaani 55 mm, f/2.8) na Jupiter-12 ya 35/2.8, zote za Kisovieti, Color-Skopar 35/2.5 ya Voigtländer, na Elmar 90/4 ya zamani ya Leitz ambayo bei yake iko chini kwa sababu watu wengi hawapendi 90 kwenye renjifainda, fremu (mistari ya kupangia picha) inakuwa ndogo katikati ya kitazamio. Mi naipenda hivyo hivyo, unaona kinachokuja kabla hakijaingia kwenye fremu.

Leteni zenu na mnazitumiaje.

#2 filamu_tupu

Nimekaa mbele kabisa. Mkuu mi nimerithi bodi ya maunti ya M, ile ya Leica iliyokuja baada ya skurubu, haina lenzi, hizi za skurubu unazozitaja zinaingia huku au natafuta za M tu? mana za M hata zile za chini bado ziko juu kwangu

#3 mzee_wa_35

Zinaingia tena vizuri sana. Leica walipoleta M3 mwaka 1954 waliifanya maunti ya M iwe 27.8 mm makusudi, yaani pungufu ya skurubu kwa milimita 1 kamili, ili adapta yenye unene wa milimita 1 irudishe umbali ule ule. Renjifainda inaendelea kusoma, infiniti (fokasi ya mbali kabisa) iko palepale, hakuna unachopoteza.

Angalia mambo mawili tu. Adapta zinauzwa kwa jozi za fremu: moja inaleta fremu za 50 na 75, nyingine 35 na 135, nyingine 28 na 90. Chukua inayoendana na lenzi yako la sivyo utapiga 35 huku unaangalia fremu ya 50. La pili ni unene, adapta za ovyo zingine hazijafika milimita 1 na zingine zimezidi, tofauti ya nywele tu hapo infiniti inaharibika. Hapo kwenye adapta usibane pesa.

#4 fundi_helikoidi

Naongezea kwa mzee wa 35, hili watu wengi linawakuta. Kuna lenzi za Zenit za zamani zenye skurubu hiyo hiyo ya M39. Zinaingia kwenye bodi yako bila kulazimisha, zinakaa imara, na picha zote zinatoka ukungu. Zile ni za SLR, umbali wake ni 45.2 mm na nyuma hazina kitu cha kusukuma renjifainda. Kama muuzaji ameandika "M39" bila maelezo, omba picha ya nyuma ya lenzi. Ya renjifainda utaona pete au ulimi unaotembea ukizungusha fokasi. Usipouona, achana nayo.

#5 sonnar_damu

Mleta uzi nimekusoma vizuri na hapo kwenye f/2.8 tunaachana njia. Jupiter-8, 50 mm f/2, ni katika lenzi za bei ya chini kabisa kwenye maunti ya skurubu na ile ni Sonnar halisi. Ludwig Bertele aliichora Zeiss Ikon kwa ajili ya Contax ya 1932, moja ya f/2 na nyingine ya f/1.5, akagandisha vioo kwa gundi vikawa makundi matatu tu. Ina maana nyuso zinazogusana na hewa ni sita. Wakati ule hakuna kotingi (utando wa kuzuia mwanga kurudi), na kila uso wa kioo unapoteza karibu asilimia 4 hadi 5 ya mwanga na mwanga huo unarudi kuzurura humo ndani unaua kontrasti. Lenzi za muundo mwingine zenye nyuso nane na zaidi zilikuwa zinatoa picha za kijivu, Sonnar inatoa nyeusi inayoonekana nyeusi. Kotingi ya Smakula pale Zeiss ilikuja 1935, tayari Sonnar inapiga kazi.

Baada ya vita mitambo na michoro ikaenda Umoja wa Kisovieti na kazi ikaendelea huko, ndo tukapata Jupiter-8 na Jupiter-3. Kwa hiyo unaponunua Jupiter-8 ya bei ya mlo unapata mchoro ambao watu walikuwa wanaulipia hela ndefu. Ukipiga uso wa mtu f/2 mita moja na nusu, jicho liko makali, sikio linaanza kulainika, nyuma kunayeyuka taratibu bila vurugu. Industar haikupi hicho, naisema kwa heshima. Industar ni kali ila ni ya kuonyesha ukweli wote, wengine hatutaki ukweli wote kwenye uso wa mama mtu mzima.

#6 mleta uzi

Jupiter-8 nakukubalia kwa mikono miwili, f/2 ya Sonnar ni nyepesi na haina makuu. Ninayoibishia ni Jupiter-3 ya f/1.5 kama lenzi ya kwanza ya mtu. Sonnar ukifunga apacha fokasi inasogea nyuma, kwenye f/2 unaweza usione, kwenye f/1.5 unaona. Ongeza na tatizo la vipimo vya Kisovieti, ongeza na umri, mtu mgeni atachoka. Fundi akija atueleze hilo la vipimo mana yeye analijua kutokea ndani.

#7 fundi_helikoidi

Haya. Renjifainda za Leica zimewekwa zikiamini kwamba lenzi ya "50" kiuhalisia ni 51.6 mm. Za Kisovieti zilifuata kipimo cha Contax, 52.4 mm. Hizo 0.8 mm hazina neno ukiwa mbali, ila ukikaribia mita 1 au 2 na apacha ikiwa wazi, pale renjifainda inaposema pamefika na pale lenzi inapoona pamefika panakuwa hapalingani. Ukiitia Jupiter kwenye Fed au Zorki, kamera za Kisovieti, hakuna mgogoro, ni ndugu. Ukiitia kwenye Leica, Canon au Bessa ndo unaanza kusikia "hii lenzi laini". Lenzi sio laini, imefokasi pembeni ya ulipotaka.

Namna ya kujua: weka kamera kwenye stendi, panga vitu vidogo vinavyofanana kwenye mstari wa mshazari, kila kimoja kikiwa nyuma kidogo ya mwenzake, fokasi cha katikati kwa renjifainda, piga apacha ikiwa wazi kabisa. Rudia umbali wa mita 1, mita 2 na mita 3. Kila mara ikidondokea upande ule ule unajua ni lenzi au renjifainda, ikiwa inarukaruka ni mkono wako au helikoidi (nyuzi za kuzungushia fokasi) ina mchezo. Alafu angalia kitu cha mbali sana, mnara au mwezi, taswira mbili ziungane pale pete inapogota infiniti. Infiniti ikikataa kwenye lenzi zako zote basi tatizo ni bodi, usiiguse lenzi.

Jupiter-8 na Jupiter-3 ndani kuna shimu, pete nyembamba kati ya kiini cha vioo na mwili wa lenzi. Ukibadilisha unene wa shimu unasogeza fokasi. Ila huwezi kupata mbali na karibu vyote kwa pamoja ikiwa bodi ni ya kipimo cha Leica, lazima uchague. Mi huwa naiweka iwe sawasawa kwenye mita 1 na nusu mpaka 2 apacha ikiwa wazi, kwa sababu picha za mbali karibu kila mtu anafunga f/5.6 au f/8 na pale kina cha fokasi kinafunika tofauti.

Na jamani kabla ya kuifungua: helikoidi ina mianzo mingi ya nyuzi. Ukiitenganisha bila kuweka alama mahali ilipoachia, kurudisha ni kubahatisha mwanzo hadi mwanzo, na ukiikosea inazunguka vizuri tu lakini infiniti haipo. Weka alama mbili, pale inapoachia na pale inapogota. Grisi ya zamani ya Kisovieti ikikauka inakuwa kama gundi, usilazimishe kwa nguvu ya mkono, unang'oa skurubu ndogo za ndani. Isafishwe, itiwe grisi mpya, utashangaa lenzi ile ile inavyoteleza.

#8 nuru_kidogo

Hii #7 ningeomba ibandikwe juu kabisa. Swali langu mi natumia mirolesi ya fremu nzima (kamera ya dijitali isiyo na kioo cha kuruka), filamu sina. Nikitia Jupiter-12 au hizi Skopar na adapta, napata ile raha mnayoisema au napoteza muda?

#9 mzee_wa_35

Dada nuru_kidogo inategemea urefu wa lenzi. Kuanzia 50 kwenda juu unafurahi kabisa, na ukitumia adapta yenye helikoidi yake unaweza hata kukaribia zaidi ya ile mita 1 ambayo lenzi nyingi za skurubu zimegota hapo. Jupiter-8 kwa adapta hiyo ukapiga maua au mikono ya mtu anayeshona, kitu safi sana.

Kwa lenzi pana kuna kikwazo. Ile faida aliyoitaja mleta uzi, kioo cha nyuma kukaa karibu na filamu, kwenye sensa inageuka kuwa mzigo. Mwanga wa pembeni unafika ukiwa umelala sana, na mbele ya sensa kuna kioo cha kinga ambacho kwenye mirolesi nyingi ni kinene kuliko cha Leica za dijitali. Filamu haijali mwanga umelala au umesimama. Sensa inajali, pembe zinafutika, saa ingine kingo zinaingia rangi ya zambarau. Voigtländer 15/4.5 waliichora upya toleo la tatu kwa sababu hiyo hiyo. Jupiter-12 ndo ina mkia mrefu kuliko zote, kale kakioo ka nyuma kanatoka nje kabisa, kwa hiyo kwanza pima kama hakagusi kitu ndani ya kamera yako, na kofia yake ya nyuma lazima iwe ile ndefu. Ukiwa na mirolesi na unataka pana kwa bei nafuu, 35 za karibuni zitakukera kidogo kuliko za miaka ya 50.

#10 mzee_wa_35

Nimesahau kitu kuhusu Jupiter-12, apacha yake inazungushwa na pete ya ndani pale mbele, ukiweka filta unazungusha kwa kugusa filta. Watu wanaichukia hiyo. Mi naiweka f/5.6 asubuhi na siigusi tena.

#11 kichina_safi

Mbona hamuongelei mpya? Si kila mtu anataka kuchokonoa lenzi yenye umri wa babu yake. 7Artisans walianza na 50/1.1 ya maunti ya M mwaka 2017, baada ya hapo TTArtisan nao wakaingia, saivi mtu anapata lenzi mpya kwenye boksi, kotingi ya kisasa, maunti ya M moja kwa moja bila adapta, kwa sehemu ndogo tu ya bei ya Leica. Na nyingi zinakuja na kamu (kile kinachosukuma renjifainda) unayoweza kuirekebisha mwenyewe kwa skurubu ndogo, ukaipatanisha na bodi yako nyumbani. Hilo Leica wenyewe hawakupi.

Mleta uzi na hii hoja yako ya apacha ndogo ujue kuna TTArtisan 28/5.6, imefuata Summaron ya Leitz ya miaka ya 50. f/5.6 kwenye lenzi ya 28! ni kama sarafu, bodi inaingia mfuko wa koti. Mchana hiyo ndo lenzi pekee ninayobeba.

Ubaya niseme pia. Hizi za f/1.1 na f/0.95 ni nzito, zinaziba kona ya kitazamio, na pale wazi kabisa ukiweka taa nyuma ya mtu picha inafuka. Wengine wanaupenda huo moshi. Mi naupenda kwa muda fulani.

#12 mleta uzi

kichina_safi umenipa zawadi na hiyo 28/5.6. Ngoja tupige hesabu watu waione. Kina cha fokasi kwa kiwango cha kawaida cha filamu ya 35 mm: lenzi ya 28 kwenye f/8 ukiweka fokasi mita 3 na kidogo, kila kitu kuanzia mita 1.6 mpaka infiniti kimo. 35 kwenye f/8 ukiweka mita 5, unapata kuanzia mita 2 na nusu. 50 kwenye f/8 ni mita 10 na unaanzia mita 5, pale tayari kwa mtaani ni shida. Ndo mana wapiga picha wa mtaani wanang'ang'ania 28 na 35, fokasi unaiweka kabla, unabaki na jicho na kidole tu. Kwenye sensa ya pikseli nyingi ukitaka kukuza picha sana funga stopu moja zaidi (mwanga upungue nusu) au jihesabie kina kidogo kuliko hicho.

Voigtländer ile Snapshot-Skopar 25/4 ya skurubu, iliyotoka na Bessa-L mwaka 1999, waliitengeneza hivyo kabisa, haijaungwa na renjifainda, pete ya fokasi ina vituo vinavyobonyea, unahesabu kwa kidole bila kuangalia. Watu wanaikimbia wakisikia "haijaungwa". Mi ningekuwa nayo kila siku.

#13 sonnar_damu

Kina cha fokasi cha nini wakati mchana mtu anaweza kupiga hata na simu. Renjifainda inanikaa moyoni saa 12 jioni ndani ya nyumba yenye balbu moja. Shata haina kioo cha kuruka, kamera haitikisiki, mkono mtulivu unashika 1/15 bila wasiwasi. Nipe f/2.

#14 mleta uzi

Na mi nakwambia hiyo 1/15 ndo inayoniruhusu f/2.8. Stopu moja ulionayo wewe mi naipata kwenye shata. Ila mtu akigeuka ghafla umenishinda, hilo silikatai.

#15 nikkor_asili

Wajapani wa miaka ya 50 mmewaruka hivi hivi? Canon 50/1.8 ya skurubu, mwili wa chuma, pete zinabonyea, apacha laini, vipimo ni vya Leica hivyo hakuna ile shida ya Jupiter. Canon 35/2.8 ndogo sana. Canon 100/3.5 ni nyepesi mpaka unajiuliza kama kuna vioo ndani. Na Nikkor 50/2 na 85/2 za skurubu, hiyo 85/2 ndiyo iliyomshangaza David Douglas Duncan, mpiga picha wa gazeti la Life, alipokuwa Japani mwaka 1950, akafunga Nikkor kwenye Leica zake akaenda nazo vita vya Korea, na kuanzia hapo magazeti ya Marekani yakaanza kuuliza hizi lenzi zinatoka wapi.

Tahadhari moja kwenye Canon 50/1.8: ina kawaida ya kuota ukungu kwenye kioo kilicho nyuma ya apacha. Ukiwahi unafutika. Ukichelewa unakula kioo chenyewe na hakuna fundi wa kukirudisha. Kwa hiyo hii usinunue bila kupiga tochi.

#16 fundi_helikoidi

Sawa kabisa. Kwa kuwa mmefika kwenye tochi ngoja nieleze inavyopigwa. Fungua apacha yote, weka fokasi infiniti, tochi ya simu nyuma ya lenzi na wewe uangalie kwa mbele kwa mshazari, sio moja kwa moja. Moja kwa moja hata lenzi mbovu inaonekana safi. Vumbi lipo kwa kila lenzi, achana nalo. Mistari myembamba ya kufutwafutwa kwenye kioo cha mbele haidhuru sana, inakula kontrasti ukielekea jua, hudi (kikinga jua cha mbele ya lenzi) inaokoa. Nyuzinyuzi kama mizizi ni fangasi, ikiwa imeanza pembeni inatibika, ikifika katikati imekula kotingi. Utando sawasawa kama pumzi kwenye dirisha ni ukungu, ndo huo wa #15. Mapovu au duara la rangi ukingoni ni gundi kati ya vioo imeachia, hiyo mi nakataa hata kupewa bure, kuigandisha upya inagharimu kuliko lenzi.

Mafuta kwenye bapa za apacha kwenye SLR yanakwamisha lenzi. Kwetu apacha inazungushwa kwa mkono kwa hiyo haiui mara moja, ila ukiyaacha mvuke wake unahamia kwenye vioo. Yasafishwe.

Na lingine la wizi: kuna Fed na Zorki nyingi zimevalishwa jina la Leica, lenzi imechongwa "Elmar" kumbe Industar au Fed ya 50/3.5. Toa lenzi uangalie ndani ya bodi pale juu, kile kinachoguswa na lenzi. Leica halisi ina kigurudumu cha mviringo. Hizi zina kipande chenye umbo la kabari. Kama ni kabari na anauza kwa bei ya Leica, geuka uondoke. Kama anauza kwa bei ya Fed chukua, ile Industar itakupa picha nzuri tu.

#17 nuru_kidogo

Kuna mtu amewahi kutumia hizi 40? naona Summicron-C 40/2 na M-Rokkor 40/2 zinasifiwa na bei ni tofauti kubwa na Summicron nyingine

#18 mzee_wa_35

Nimezitumia zote mbili na kwa macho yangu picha hazitofautiani cha kukukosesha usingizi. Zilizaliwa kwa ajili ya Leica CL ya 1973 iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Minolta, na baadae Minolta wakaendelea na CLE. Bei iko chini kwa sababu moja tu, bodi nyingi za M hazina fremu ya 40, lenzi inaleta fremu ya 50. Unachofanya unapanga picha kwa fremu ya 50 na unajua utapata kidogo zaidi pembeni. Fremu za Leica nyingi zenyewe zinabana ukiwa mbali kwa hiyo mara nyingi inakubaliana vizuri kuliko unavyofikiri. Wengine wanachonga ule ulimi wa maunti kwa tupa ilete fremu ya 35. Mi sishauri, ukija kuuza mnunuzi ataona.

Kama una mirolesi fremu hazikuhusu, chukua. Ila M-Rokkor ya 28/2.8 kaa nayo mbali mpaka uione kwa tochi, ina tabia ya kuota vidoadoa vyeupe ndani.

#19 filamu_tupu

Nimesoma uzi wote toka juu, asanteni sana, mmenifungua macho. Nataka kuamua kati ya Jupiter-12 na Color-Skopar 35/2.5, Skopar ni ghali zaidi ila sio ya kunitisha. Napiga watu sokoni na familia nyumbani, filamu nyeusi na nyeupe ya ISO 400.

#20 sonnar_damu

Kwa familia nyumbani chukua Jupiter-8, nimemaliza.

#21 mleta uzi

Skopar. Nakupa sababu. Una bodi moja na huna lenzi nyingine ya kulinganisha, kwa hiyo ukianza na lenzi ya Kisovieti na picha ikatoka laini hutajua ni bodi, lenzi au adapta. Skopar ya maunti ya M inaondoa adapta, inaondoa vipimo, ikitoka laini unajua bodi inahitaji fundi. Ukishaiamini bodi, hapo Jupiter-12 na Jupiter-8 ziongeze zote mbili, bei yake inaruhusu, na sonnar_damu atalala kwa amani. ISO 400 kwenye f/2.5 na 1/30 unapiga ndani ya nyumba yenye taa ya kawaida. Sokoni f/8, mita 5, usiguse tena.

Na usipuuze hudi. Watu wanabadilisha lenzi kutafuta kontrasti wakati jua lilikuwa linapiga kioo cha mbele. Jupiter nyingi na Industar-61 zinatumia filta ya 40.5 mm kwa hiyo hudi moja ya skurubu inahama lenzi hadi lenzi.

#22 fundi_helikoidi

Naunga mkono. filamu_tupu, bodi yako ni ipi hasa? Uliza kabla hujanunua Jupiter-12 huko mbeleni, mana kama ni M5 au CL ndani kuna kijimkono cha mita kinachosimama mbele ya filamu, na ule mkia wa Jupiter-12 ukikutana nacho unavunja mita.

#23 filamu_tupu

Ni M3 fundi, haina mita.

#24 fundi_helikoidi

Basi mita sio tatizo lako. Ila M3 haina fremu ya 35, fremu zake ni 50, 90 na 135. Kwa lenzi yoyote ya 35 itabidi uongeze kitazamio cha nje cha kuchomeka juu, unafokasi kwenye dirisha la kamera alafu unapanga kwenye kile cha juu. Usipotaka hivyo anza na 50. Renjifainda ya M3 kwa 50 haina mpinzani, msingi wake (umbali kati ya madirisha yake mawili) ni kama 69 mm na ukuzaji 0.91 kwa hiyo inapima kama 62 mm, wakati Bessa R inapima kama 25. Hiyo inafokasi hata f/1.5 ya sonnar_damu bila kutoka jasho.

#25 mleta uzi

M3! Basi nabadilisha jibu langu, fundi yuko sahihi, anza na 50. Canon 50/1.8 iliyopita kwenye tochi, au Industar-61 ukitaka kubana. Adapta ya 50 na 75.

#26 sonnar_damu

Au Jupiter-8 iliyowekwa shimu na fundi kwa ajili ya hiyo M3.

#27 filamu_tupu

Fundi nakufata inbox kuhusu shimu.